Choo cha ndani ya Coaster kinavuja na sakafu inabonyea, niweke cha aina gani?

MamaCoaster_Jinja

Habari zenu wote humu. Naombeni mawazo maana huku Jinja nimeuliza watu kila mtu ananiambia la kwake mpaka kichwa kinauma.

Nina Toyota Coaster ambayo mwenyewe wa kwanza aliigeuza ikawa nyumba, ina vitanda vinne, jiko la gesi, sinki, na nyuma kabisa kuna kachumba ka choo. Ndiyo gari inayonipa riziki, napeleka wageni mbugani, Murchison, Queen Elizabeth, kiangazi mpaka Kidepo, na wengi wao ni watu wazima, wa miaka sitini kwenda juu, wanaamka usiku mara mbili mara tatu. Sasa nyie mnajua kambi za kando ya maji, giza likiingia viboko wanapanda kula majani katikati ya mahema, huwezi kumwambia bibi wa watu achukue tochi atafute choo cha kambi huko mbali. Kwa hiyo hiki choo kwangu si urembo, kikifa na safari imekufa.

Kilichopo ni cha Kimarekani, cha plastiki, unakanyaga pedali maji yanaingia huku kile kifuniko cha chini kinafunguka na mzigo unaanguka moja kwa moja kwenye tangi lililofungwa chini ya sakafu. Matatizo yake ni haya: maji hayakai tena kwenye bakuli, ukiyaweka baada ya muda yameshuka yote na harufu inapanda ndani ya gari, hasa jua likiwaka. Alafu pampu ya maji ikiwa oni kuna matone yanatoka nyuma ya choo pale chini. Na kubwa kuliko yote, mtu akikaa choo kinacheza, na ubavu wa kushoto sakafu inabonyea ukiikanyaga.

Jirani yangu mwenye hadwea anasema ning'oe hicho anipe cha kawaida cha nyumbani cha udongo, eti ndiyo kinadumu. Mwingine anasema niagize kilekile cha Kimarekani kipya. Mwingine kaniambia siku hizi watu wanaweka vya kaseti, lile tangi dogo unalichomoa kwa nje kama sanduku. Mi nataka kujua mawili tu, niweke kipi kitakachostahimili barabara zetu, na mzigo wenyewe nitaumwaga wapi kwa heshima, maana aliyekuwa nalo kabla yangu niliambiwa alikuwa anasimama usiku kando ya kinamasi anafungua valvu anaondoka, hilo mimi siwezi kabisa, watu wanachota maji pale.

Asanteni.

Kaka_wa_Mbale

Dada usithubutu kuweka cha udongo. Kile kinataka flashi ya lita sita mpaka tisa kila mtu akienda, wewe tangi lako la maji safi lina lita ngapi? Cha gari kinatumia lita moja au mbili basi. Alafu kile cha nyumba kina maji yamekaa kwenye ile shingo muda wote, gari ikipanda Kapchorwa na zile kona hayo maji yote yanahamia sakafuni. Na uzito wake, na kinapasuka. Mwambie jirani asante lakini hapana.

FundiBodi_Ndeeba

Nnyabo pole na kazi. Mi ni fundi bodi hapa Ndeeba, magari ya kambi tunayageuza sana na hivi vyoo vya Kimarekani vimepita mikononi mwangu. Kaka wa Mbale kasema kweli kuhusu cha udongo, naongeza moja, kile cha nyumbani wanakikalisha juu ya nta, nta inapenda nyumba isiyotembea, kwenye gari mtikisiko na joto vinailegeza na harufu inaanza. Cha gari kinakalia raba nene kwenye flanji, ile pete iliyofungwa sakafuni kuzunguka tundu, ndiyo maana kinavumilia.

Sasa tutenganishe magonjwa, wewe una matatu na kila moja lina dawa yake, usije ukanunua choo kizima kwa ajili ya raba moja.

Maji kutokaa kwenye bakuli, hiyo ni ile raba ya duara ambayo kifuniko cha chini kinaibana. Mara nyingi haijafa, ni chumvi ya maji na vipande vya karatasi vimeganda pale kwenye ukingo. Vaa glavu, fungua pedali, pitisha kidole kuzunguka chini ya ukingo usugue na kitambaa na siki. Ikigoma basi raba imechakaa, na raba inauzwa peke yake, kwa vyoo vya kampuni ya Dometic na vya Thetford, usome jina na namba ya modeli ambayo iko kwenye stika nyuma ya choo au chini ya kiti. Na naomba sana watu waache kupaka Vaseline kwenye raba za choo, ile ni mafuta ya petroli, raba inavimba inakuwa laini inaharibika kabisa, na mafuta ya kupikia pia yanaiharibu. Paka grisi ya silikoni kidogo tu.

Matone nyuma ya choo, kuna valvu ndogo ya plastiki inayofunguliwa na pedali. Weka tishu kavu pale kwenye maungio ya bomba na nyingine chini ya valvu, washa pampu, subiri uone ipi inalowa kwanza. Ikiwa ni maungio, basi sikiliza hapa maana mafundi bomba wengi wanapotea: uzi wa Kimarekani wa nusu inchi na uzi wetu wa BSP, yaani wa kipimo cha Kiingereza, una meno 14 kwa inchi yote mawili, kwa hiyo vinaingiana vizuri kabisa ukadhani umepata, lakini pembe ya jino si moja, kwa Mmarekani ni digrii 60 kwa wetu ni 55, ndiyo maana wanazungusha tepu nyeupe mpaka basi na bado panadondoka baada ya safari ya kwanza. Suluhisho ni hozi laini ile ya waya yenye washa ya raba ndani, hapo kinachozuia maji ni washa siyo uzi, na unakaza kwa mkono kisha robo tu kwa spana. Ikiwa ni valvu yenyewe inalia, hiyo ni kubadilisha, mwili wake ukishapata ufa gundi haisaidii kwa sababu pampu inasukuma muda wote.

La tatu la kucheza na sakafu kubonyea ndilo linalonitisha. Hapo plaiwudi imekula maji muda mrefu na huwezi kujua ukubwa wake bila kung'oa. Usiweke choo chochote kipya juu ya mbao iliyooza, iwe cha Kimarekani iwe cha kaseti iwe cha dhahabu, bolti hazina cha kushika.

Kung'oa si kazi ya kuogopa. Kwanza tangi limwagwe na lioshwe, hilo usiruke. Zima pampu, kanyaga pedali mpaka presha iishe, fungua bomba la maji nyuma na uweke kibakuli chini. Choo kimeshikwa na nati mbili tu, moja kila upande au moja mbele moja nyuma kutegemea modeli, mara nyingi zimefichwa chini ya vifuniko vya plastiki. Spana yake ni ya inchi nusu, kama huna, ya milimita 13 inakaa karibu vizuri. Kama zimeshika kutu mwaga WD-40 uende ukanywe chai, usilazimishe, ukiikata bolti ndani ya flanji umeongeza kazi. Inua choo moja kwa moja juu na papo hapo ziba lile tundu na tambara zito, kwanza gesi ya mle ndani si ya kuvuta na inawaka, hakuna sigara hakuna jiko, madirisha wazi, pili ukidondosha nati mle ndani utajuta.

Alafu pima vitu viwili uniandikie hapa. Toka ukuta wa nyuma mpaka katikati ya tundu ni sentimita ngapi, vyoo vingi vya Kimarekani vinataka kama inchi 11, yaani sentimita 28. Na flanji imesimama juu ya sakafu kiasi gani, ikizidi sentimita moja hivi choo kitakuwa kinayumba juu yake, ikizama chini ya sakafu raba haibanwi na itavuja hata kama ni mpya. Piga na bisibisi sakafu pande zote mpaka upate mbao ngumu, uchore kwa chaki mwisho wa uozo uko wapi.

MamaCoaster_Jinja

Fundi weebale nnyo. Nimemleta kijana wa hapa tumekifungua kama ulivyosema. Tangi tulilimwaga na kuosha kwanza, nilimpigia jamaa wa gari la kunyonya akaja nyumbani.

Hali ni mbaya. Ile raba ya chini imebonyea upande mmoja, na flanji ina ufa kwenye kijitundu cha bolti ya kushoto, ndiyo maana kilikuwa kinacheza. Plaiwudi imeoza kuzunguka tundu, bisibisi inaingia kama kwenye keki, chaki imeenda mpaka karibu na ukuta wa nje. Toka ukuta mpaka katikati ya tundu ni sentimita 29. Flanji yenyewe imezama kwa sababu sakafu nyingine waliiwekea tabaka juu yake baadaye, plaiwudi juu ya plaiwudi na kapeti ya plastiki.

Na kitu kingine tumeona tulipolala chini, lile tangi limening'inia chini sana nyuma ya ekseli, lina mikwaruzo ya mawe, kona moja wamewahi kulibandika kitu kama faiba.

Kwa hiyo sasa nauliza upya, kwa kuwa sakafu inakatwa hata hivyo, nirudishe mfumo uleule au ndiyo wakati wa kubadilisha?

DerevaSespuli_Kla

Mama nimesoma kimya kimya sasa ngoja niseme la kwangu. Mi naendesha sespuli hapa Kampala, kazi yangu ni kunyonya mashimo ya vyoo na septiki za watu. Nyote mnaongelea choo, choo ni kiti tu. Amua kwanza mzigo utaishia wapi, alafu choo kitajichagua chenyewe.

Nchi yetu haina vile vituo vya Ulaya na Marekani ambapo gari ya kambi inasimama inaunga hozi inamwaga inaosha inaondoka. Ukiwa na tangi kubwa chini ya gari una njia moja tu ya haki, gari kama yangu, na gari kama yangu iko mjini. Kampala mzigo tunaupeleka Lubigi, kile kiwanda cha kusafisha maji taka cha NWSC, shirika la taifa la maji, kilichofunguliwa mwaka 2014 kule karibu na Northern Bypass, na Jinja kwenu yapo mabwawa ya maji taka ya Kirinya. Ukiwa nyumbani hakuna shida. Lakini ukiwa Kidepo na tangi limejaa utafanyaje? Hapo ndipo watu wema kabisa wanageuka wanafungua valvu usiku.

Na nataka hili lisomwe na kila mwenye gari ya aina hii. Ukifungua kwenye mtaro wa Kampala umefungua kwenye Nakivubo, ule mfereji mkubwa wa mji, na Nakivubo inaingia Ziwa Victoria kwenye ghuba ileile ambayo maji ya kunywa ya mji yanavutwa Ggaba. Ukifungua kando ya Ziwa Albert au Ziwa Edward pale kuna wavuvi na watoto wao wanakunywa yale maji, na kipindupindu kimewapiga mara ngapi vile vijiji. Mimi nashika huu uchafu kila siku, nakwambia mtu aliyefundishwa kunawa mikono hawezi kusaidika ikiwa kisima chake kimemwagiwa. Umenifurahisha ulivyokataa la kinamasi.

Kama utabaki na tangi la chini basi jua mambo haya. Ukiita sespuli mwambie dereva mapema ni tangi la plastiki la gari siyo septiki, na wakati ananyonya pedali ya choo iwe wazi au bomba la kupumulia liwe wazi, la sivyo pampu yetu italivuta tangi lijikunje kama chupa ya maji. Na wageni waambiwe, hakuna pedi hakuna nepi hakuna zile tishu zenye unyevu, hizo haziyeyuki, hozi yangu inaziba kwa hizo kila wiki.

SafariArusha

Habari wakuu, nawasalimu kutoka Arusha. Dada yangu wa Jinja, dereva wa sespuli kamaliza mjadala kwa upande wangu. Sisi huku magari yetu tuliyatoa kwenye matangi ya chini tukaweka kaseti na hatujutii.

Kaseti ni hivi kwa asiyeijua. Bakuli la choo linazunguka au limesimama juu ya boksi, na chini ya bakuli kuna tangi dogo linaloingia kwa mlango mdogo ubavuni mwa gari, Thetford ndio wanajulikana zaidi. Linabeba lita kama 17 mpaka 20 kutegemea modeli. Likijaa taa inawaka, unatoka nje unafungua mlango unalivuta, mengine yana magurudumu na mpini kama begi la uwanja wa ndege. Na hapa ndipo penyewe, unaweza kulimwaga kwenye choo chochote. Cha shimo, cha kukaa, cha kambi, cha shule. Nchi zetu kila boma lina choo cha shimo, kila senta ina choo, kila geti la mbuga lina choo. Unamfuata mwenyewe unaomba kwa adabu, unatoa chochote, unamwaga polepole, unasuuza, unaondoka na shukrani. Tangi la lita mia lililofungwa chini ya gari huwezi kulibeba ukampelekea mtu chooni kwake.

Ubaya wake nao niuseme. Watu wawili kaseti inawachukua siku mbili mpaka tatu hivi, wakiwa wanne ni kama siku moja na kitu, kwa hiyo wewe nunua tangi la pili la akiba, lile la kubadilishia, unalifunga vizuri kwenye buti. Uzito wake likijaa ni kilo ishirini, kijana wako wa safari ataweza, wewe mwenyewe mgongo uangalie. Wanaume wakichepuka porini mchana penye ruhusa kaseti inakaa muda zaidi maana kinachojaza ni mkojo siyo kingine.

Dawa za mle ndani, angalia sana. Zile kali zenye fomalini zinaua vijidudu vinavyofanya kazi kwenye septiki na kwenye shimo, ukimwaga kwenye septiki ya loji umewaharibia. Chukua zile za kijani zinazoandikwa zinafaa kwa septiki. Jiki usitie kabisa, inakula raba na ikichanganyika na mkojo au dawa nyingine inatoa hewa mbaya. Joto likiwa kali harufu inakuja haraka kuliko vitabu vya Wazungu vinavyosema, wengine wanaweka kafeni kadogo kanakovuta hewa ya kaseti na kuitoa nje, kanawaka ukifungua tu kile kifuniko, na ukiwa nako hata dawa unaweza kuacha. Mimi ningeweka hako.

Mkisoro

Mnasahau cha kavu. Huku kwetu Kisoro chini ni mawe ya volkano, kuchimba shimo ni adhabu, na vyoo vya ecosan vinavyotenga mkojo na kinyesi vimehimizwa kwetu na Kabale tangu miaka ya 1990. Mkojo unakwenda mbele kwenye jerikeni, kinyesi kinaanguka nyuma unakinyunyizia jivu au maranda ya mbao, hakuna maji hakuna dawa, na vikiwa havijachanganyika ile harufu kali haipo. Vya magari vipo vya namna hiyo, na seremala mzuri anakutengenezea ukimpa lile bakuli la kutenga. Ila kile kinyesi kisiende shambani baada ya wiki mbili mkasema kimeiva, mayai ya minyoo yanakaa muda mrefu sana, kipeleke shimoni.

MamaCoaster_Jinja

Mkisoro asante sana, kwa gari yangu binafsi ningekichukua hicho leo, ila wageni wangu wengi ni wazee, kuwafundisha kukaa hivi mkojo uende mbele na jivu liende nyuma kila mmoja kwa siku tano naona nitawachosha. Lakini naliweka akilini.

Maneno ya dereva wa sespuli nimeyasoma nikayarudia. Nimeorodhesha kila mahali tunapolala kwenye ruti zangu na kila mahali pana choo ambacho naweza kuomba, na sehemu ambazo sespuli inafika ni nyumbani tu na Kampala, labda na Gulu. Kwa hiyo naenda kaseti, na tangi la pili la akiba. Tangi la chini linatoka, na kwa kweli nafurahi litoke maana kwenye barabara ya Kitgum kwenda Kidepo lilikuwa linanipa presha kila jiwe likiligonga.

Fundi, naomba nije kwako. Niambie nini ninunue kabla na nini nisinunue, na je mlango wa ubavuni hautaua nguvu ya bodi? Na kaseti nayo inahitaji kukazwa kwa bolti?

FundiBodi_Ndeeba

Umeamua vizuri nnyabo, na mimi mwenyewe nilikuwa naelekea kukwambia urudishe cha Kimarekani kwa sababu sentimita 29 zinakitosha, lakini hoja ya kumwagia wapi imenishinda, kwa Kidepo kaseti ndiyo.

Usinunue choo kabla hatujapima. Vyoo vya kaseti vina upande, mlango wa huduma unaweza kuwa kushoto, kulia au nyuma kutegemea modeli, vingine bakuli linazunguka na vingine halizunguki, na ukinunua wa upande usio wako hakigeuki. Nipigie picha kachumba kote na ubavu wa gari kwa nje, unionyeshe tairi la nyuma liko wapi, maana mlango hauwezi kukaa juu ya tairi. Pia amua maji yatoke wapi, kuna vyenye katangi kake kadogo ka maji na pampu ya mkono, na kuna vinavyochukua maji ya gari kwa pampu ya umeme. Kwako pampu ipo tayari, lakini mimi napenda chenye katangi kake, pampu ya gari ikifa choo hakifi nayo. Kile ulichonacho sasa kilikuwa hakina uhuru huo.

Kuhusu nguvu ya bodi, Coaster ina mbavu za chuma zinazosimama wima ndani ya ukuta, tunabandua kwanza ubao wa ndani tuzione ndipo tukate katikati ya mbavu mbili. Kama ubavu uko njiani siukati hivi hivi, naweka fremu ya chuma kuzunguka tundu naichomelea kwenye mbavu za jirani, kisha naipaka rangi ya kuzuia kutu kabla ya kufunga fremu ya mlango. Watu wanakata na grainda wanabandika silikoni wanamaliza, mwaka ujao kutu imekula mpaka dirishani. Raba ya mlango lazima iwe nzuri siyo tu kwa mvua, vumbi la maramu ndilo litaingia hapo likae kwenye reli za kaseti mpaka isitoke.

Sakafu tutakata mpaka mbao ngumu alama ya chaki ikipita kidogo, tunaweka plaiwudi ya marini, ile inayostahimili maji, ya milimita 18, ukingo wote unapakwa epoksi kabla haujaingia, maana maji yanaingilia ukingoni siyo usoni. Chini ya kingo naweka mabano ya chuma yashike mbao mpya na ya zamani kwa pamoja. Tundu la bomba la zamani linafungwa kabisa na bomba la kupumulia kwenye paa linatolewa na kuzibwa, au tulitumie kwa kale kafeni alikosema ndugu wa Arusha, hilo tutaangalia lilipopita.

Bolti, ndiyo, kaseti nayo inafungwa sakafuni na ukutani, na kosa la wengi ni moja, watu wanakaza mpaka plastiki inalia. Unakaza huku kidogo na kule kidogo mpaka isicheze, unaweka washa pana chini ya kichwa, unaendesha gari barabara mbaya, alafu unarudi unakaza tena kidogo. Na nikimaliza sizungushi silikoni chini yote, naacha sehemu ya nyuma wazi, siku maji yakivuja unayaona siku hiyohiyo badala ya kuyafungia chini yakale sakafu yangu mpya kimya kimya kama ilivyokuwa hii ya sasa.

Lile tangi la zamani liletwe tupu na limeoshwa, vijana wangu ndio watalala chini yake kulifungua. Tangi na choo cha zamani usivitupe, valvu ya kumwagia na pedali kuna watu wanazitafuta. Na ukija njoo asubuhi kabla jua halijawa kali, kazi ya epoksi haipendi bati la gari lililochemka.